Stesheni Ikija, Nani Kaandikwa?

Mfanyabiashara wa Uvira au Bukavu anayefuata vitenge, vyombo na vipuri Dar es Salaam alizoea mambo mawili: basi lilimshusha Ubungo, na mzigo aliupata Kariakoo. Sasa yote mawili yamesogea. Februari 2021 mabasi ya mikoani na ya nchi jirani yalihamishiwa Mbezi Luis, kwenye kituo kipya kilichopewa jina la Magufuli. Pale Ubungo, wapiga debe walipokuwa wakigombea abiria tangu alfajiri, limeota jengo jingine kabisa: Kituo cha Biashara na Usafirishaji cha Afrika Mashariki, chenye maduka 2,060 na gharama iliyotangazwa kuwa takriban dola milioni 110, fedha za mwekezaji kutoka China. Rais Samia Suluhu Hassan alikizindua tarehe 1 Agosti 2025. Mabasi ya mwendokasi yanapita mlangoni, daraja la Kijazi liko hatua chache, na barabara ya Morogoro, njia ya mzigo unaokwenda Zambia, Burundi na Kongo, ndiyo baraza lake la mbele.

Kariakoo ilishtuka mapema. Hili ni soko lisiloona haya kufunga milango: lilifunga Mei 2023, likafunga tena Juni 2024, mara zote mbili kwa ugomvi wa kodi. Safari hii hofu ilikuwa ya aina nyingine. Wenye fremu za maduka waliuliza itakuwaje siku mwenye kiwanda atakapokuja kuuza mwenyewe, mita chache kutoka kituo cha mwendokasi, bila kupita kwa mtu wa kati ambaye ndiye Kariakoo nzima. Siku chache kabla ya uzinduzi, Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo za rejareja, uwakala wa pesa za simu na ufundi wa simu. Amri hiyo haikutaja Ubungo. Haikuhitaji kutaja.

Kelele hizo zilikuwa za haki, lakini zilikuwa za watu wenye sauti. Mwenye fremu Kariakoo ana chama, ana leseni, ana namba ya mlipakodi, na akigoma siku tatu Waziri Mkuu anakuja kumsikiliza. Kundi lililopoteza riziki Ubungo lilikwisha kupotea miaka minne kabla ya uzinduzi, na hakuna aliyegoma. Makuli waliobeba mizigo kutoka kwenye mabasi, mama ntilie waliopika chai saa tisa usiku, mawakala wa tiketi, wenye gesti za Shekilango na Manzese zilizojaa wasafiri wa basi la asubuhi: hawa hawakubomolewa ukuta wala kuwekewa alama ya X. Abiria ndiye aliyehamishwa, na riziki yao ikaondoka naye zaidi ya kilomita kumi kuelekea magharibi. Sheria za fidia zinajua kupima mwembe, choo na chumba cha matofali. Kupima abiria aliyekwenda zake hazijui.

Mijadala kuhusu majengo makubwa kando ya stesheni, iwe ya mabasi au ya treni, huanza kwenye urefu wa ghorofa, foleni za magari, maji taka na kivuli kitakachoangukia nyumba ya jirani. Yote hayo yana uzito. Ila katika miji ya Afrika Mashariki jambo linaloamua nani ataumia huwa limekwisha kuamuliwa kabla ya mchoro kubandikwa ukutani, nalo ni orodha: nani kaandikwa kuwa yuko hapo, na kaandikwa kama nani.

Stesheni hupandisha bei ya ardhi kabla treni ya kwanza haijapiga honi. Inatosha mchoro uvuje ofisini. Miguu ya watu elfu kwa siku ni pesa kwa mwenye duka, na kibali cha kwenda juu ghorofa kumi na tano mahali pa ghorofa moja ni pesa kwa mwenye kiwanja, ingawa hakuongeza hata tofali. Reli imelipiwa na umma, kwa kodi au kwa mkopo ambao wajukuu watalipa. Ongezeko la bei humwangukia yeyote atakayekutwa na karatasi siku hiyo. Hong Kong iliona mapema na ikaigeuza kuwa biashara ya wazi: kampuni ya reli ya MTR hupewa haki ya kujenga juu na kando ya stesheni kwa bei ya ardhi ya kabla ya reli, kisha huingia ubia na wajenzi kwa bei ya baada ya reli, na tofauti hiyo hugharimia njia yenyewe. Wapangaji wa miji kote duniani huitaja hesabu hii kama dawa.

Ni dawa ya mgonjwa mwingine. Hong Kong serikali ndiyo mwenye ardhi karibu yote, na hukodisha kwa mkataba unaosomeka. Nairobi, Dar es Salaam au Bukavu kiwanja kimoja hukaliwa kwa tabaka. Juu yuko mwenye hati. Chini yake yuko aliyejenga vyumba kwa makubaliano ya mdomo, chini ya huyo mpangaji, chini ya mpangaji yule aliyemgawia nusu ya chumba, na mlangoni kabisa yuko mama mwenye meza ya nyanya anayelipa ushuru wa siku. Kadiri mtu ashukavyo, watu wanaongezeka na karatasi zinapungua. Fidia huanza kumiminwa juu, na mara nyingi hukauka kabla ya kufika chumbani.

Nairobi yenyewe ni mtoto wa stesheni. Reli ya Uganda ilifika mahali hapo Mei 1899, na mji ukaota kuzunguka karakana, yadi za mabehewa na nyumba za wafanyakazi. Miaka 123 baadaye, Desemba 2022, Rais William Ruto, akiwa na waziri wa mambo ya nje wa Uingereza wa wakati huo James Cleverly, alizindua ujenzi wa mradi wa kuurudisha mji kwenye chimbuko lake: Mji wa Reli wa Nairobi, ekari 425 kati ya barabara za Haile Selassie, Uhuru, Bunyala na Landhies. Katikati itakaa stesheni kuu mpya iliyobuniwa na kampuni ya Uingereza ya Atkins. Pembeni yake zimepangwa ofisi, maduka, nyumba, viwanja vya umma na njia za waendao kwa miguu.

Sababu ya kitaalamu ni nzuri, na ingekuwa uchoyo kuikataa. Tangu 2017 abiria wa treni ya kisasa kutoka Mombasa hushukia Syokimau, nje ya mji, kisha huunganisha kwa treni nyingine hadi stesheni ya zamani. Nairobi ya kusini ya katikati imekaliwa miongo mingi na mabohari na reli zilizolala, huku watu wakisukumwa kupanga mbali na kuteketeza saa mbili au tatu kwenye matatu kila siku. Kujenga nyumba na kazi karibu na treni ni busara ya kawaida kabisa.

Ila ukingoni mwa ekari hizo kuna Muthurwa, na kwa yeyote anayetaka kujua wananchi huhofia nini hasa, Muthurwa inatosha kuwa shule.

Nyumba za Muthurwa zilijengwa enzi za ukoloni kwa wafanyakazi wa Reli. Shirika la Reli lilipokabidhi uendeshaji kwa kampuni binafsi mwaka 2006, maelfu walipunguzwa kazini, na mfuko wa pensheni uliotakiwa kuwalipa ulihitaji mali. Ukapewa ardhi, Muthurwa ikiwamo. Mahesabu ya mfuko yalikuwa mepesi: ardhi iliyo hatua chache kutoka stesheni, kituo cha mabasi na soko, imefunikwa na nyumba za chini zenye kodi ndogo. Zikiondolewa, panaweza kusimama majengo ya biashara yatakayolisha wastaafu kwa miaka. Mwaka 2010 wapangaji walipewa notisi ya siku 90. Siku hizo hazijaisha, nyumba zikaanza kubomolewa, maji yakakatwa na vyoo vikafungwa. Wapangaji wakakimbilia Mahakama Kuu kwa ombi namba 65 la mwaka huo.

Kisa hiki kina kejeli ambayo taarifa za habari za siku zile ziliipita upesi. Walioshtaki walikuwa wapangaji, na miongoni mwa waliokaa kwenye vyumba hivyo walikuwamo watu wa Reli wa zamani na familia zao. Walioshtakiwa walikuwa wadhamini wa mfuko wa wastaafu wa Reli. Kila upande ulikuwa na mzee aliyefanya kazi miaka thelathini na kuahidiwa kitu: mmoja pensheni, mwingine paa. Hakuna upande uliofanana na tajiri wa sinema anayetoa mashine ili ajenge kasri. Mfuko ulidaiwa kweli na ulipaswa kulipa kweli. Ndiyo maana kesi hii inafaa kusomwa zaidi ya zile ambazo mbaya wake anajulikana tangu ukurasa wa kwanza.

Jaji Isaac Lenaola alitoa hukumu tarehe 30 Agosti 2013. Hakuwapa wapangaji ardhi, wala hakuuzuia mfuko kujenga milele. Alisema namna ile ya kuwaondoa ilivunja haki ya makazi na ya heshima ya utu iliyomo katika Katiba ya 2010, akaamuru pande zote zikutane ndani ya siku 21 zipange utaratibu wa kuondoka, na akamtaka Mwanasheria Mkuu aieleze mahakama nchi ina sera na sheria gani kuhusu kuwaondoa watu. Jibu la kweli wakati huo lilikuwa fupi: sheria hasa ya jambo hilo haikuwapo. Ilikuja 2016, kwa marekebisho ya sheria za ardhi yaliyoweka notisi ya miezi mitatu na masharti ya namna ya kutekeleza.

Hatua ya pili ilitoka kwingine, pembeni mwa uwanja wa ndege wa Wilson, ambako kijiji cha Mitumba kilibomolewa Novemba 2011. Kesi yao ilipanda ngazi zote tatu: wakashinda Mahakama Kuu, wakashindwa Rufaa, na tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba watu wasio na ardhi waliojenga makazi kwenye ardhi ya umma hawapati hati, lakini wanapata haki ya makazi inayolindwa. Kwa lugha ya uani, kutokuwa na karatasi hakumfanyi mtu awe hayupo. Kwa miradi ya stesheni, ambayo karibu yote hukalia ardhi ya umma au ya mashirika ya umma, maneno hayo yana uzito kuliko kanuni yoyote ya urefu wa jengo.

Matunda yake yanaonekana, ingawa ni machungu. Makongeni, mtaa mwingine wa nyumba za Reli kando ya njia ya treni za abiria wa mjini, umechukuliwa kwa mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Mwaka 2025 kaya zilizoandikishwa zilitangaziwa shilingi 150,000 kila moja za kuhamia kwingine. Mpangaji kulipwa kwa kuhama kutoka nyumba isiyo yake ni jambo ambalo Muthurwa ya 2010 isingeliota. Hata hivyo kiasi hicho ni cha kaya iliyoandikishwa. Anayekaa kwenye kibanda kilichoegemezwa ukuta wa nyuma, akimlipa kodi yule aliyeandikishwa, anategemea hisani.

Hapo ndipo uandikishaji unapokuwa siasa yenyewe. Aliyeshika kalamu anaamua kama chumba ni kaya moja au tatu, na kama meza ya mbogamboga ni biashara au ni uchafu wa barabarani.

Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, inatoa mifano miwili ya kalamu hiyo, mmoja kwa mwingine kama mchana na usiku. Mapema 2004 waliojenga kando ya reli inayokatiza Kibera na Mukuru walipewa siku 30 waondoke. Shinikizo likasimamisha ubomoaji, na badala yake ukaanza mpango mrefu uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Watu wa mtaa wenyewe, wakisaidiwa na shirika la Pamoja Trust, walihesabu nyumba kwa nyumba na kibanda kwa kibanda. Maofisa wa Reli walipelekwa Mumbai kuona jinsi maskini wa kando ya reli huko walivyohamishwa kwa makubaliano. Hesabu ilipokwisha, mradi ulibidi ushughulike na watu wapatao elfu kumi waliokuwa na majina. Ukanda wa kusafishwa ukapunguzwa upana ili wachache iwezekanavyo waguswe. Zikajengwa nyumba za ghorofa na vibanda vya biashara palepale, pembezoni mwa ukuta wa reli. Ilichukua zaidi ya muongo, na wapo waliolalamika kwamba vyumba ni vidogo na wengine wameviuza. Lakini mwenye kibanda cha kuuza mkaa alipata kibanda, si pole.

Julai 2018, Kibera hiyohiyo, ikafika zamu ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Mamlaka ya barabara ilikuwa imekubali hesabu ya watu ifanyike kwanza. Waandikishaji wakaingia mtaani. Kisha, tarehe 23 Julai, mashine zikaingia kabla ya mpango wa kuwahamisha kukamilika. Waliokosa makazi walikadiriwa kufikia 30,000, na shule kadhaa zilianguka pamoja na nyumba. Kuhesabiwa peke yake, basi, hakukuwa kinga. Tofauti ya visa hivi viwili ni kwamba katika cha kwanza pesa za mradi zilifungwa na orodha: bila kumalizana na walioandikwa, mfadhili asingeachia fedha. Katika cha pili orodha ilikuwa adabu tu.

Addis Ababa ilijaribu njia ya tatu. Mwaka 2018 kampuni ya Eagle Hills ya Abu Dhabi ilizindua mradi wa La Gare, hektari 36 kando ya stesheni ya zamani ya reli ya Djibouti, na serikali ya Abiy Ahmed ikaahidi kwamba waliokuwa wakiishi hapo watapatiwa nyumba ndani ya eneo hilohilo. Kwa karatasi, hii ni bora kuliko fedha za kuhama, maana inamwachia mkazi sehemu ya kile ambacho stesheni imekiongeza. Kasoro yake ni muda. Mtu anayengoja jengo miaka mitano anahitaji mahali pa kulala miaka hiyo mitano, na mteja wake wa mtaani hatamngoja.

Msomaji wa Luberizi anaweza kuuliza haya yanamhusu nini. Stesheni ya karibu iko ng'ambo ya ziwa, Kigoma. Luberizi ni soko na kambi ya jeshi kando ya Barabara ya Taifa namba 5, mahali pa kushusha mchele na muhogo wa uwanda wa Ruzizi na kungoja gari la Uvira au la Bukavu. Hakuna atakayejenga ghorofa ishirini hapo.

Uwanda huu uliwahi kuwa na reli. Mwaka 1931 kampuni ya Cefaki ilifungua njia kutoka Uvira hadi Kamanyola, zaidi ya kilomita 90, ili mzigo wa Ziwa Tanganyika usogee kuelekea Ziwa Kivu, malori yakimalizia mlima hadi Bukavu, ambayo wakati ule iliitwa Costermansville. Ilifungwa 1958 na vyuma vyake vikang'olewa.

Na sasa reli inazungumzwa tena. Januari 2025 Tanzania na Burundi zilitia saini mkataba na kampuni za Kichina wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, kilomita 282, kwa dola bilioni 2.15. Jiwe la msingi upande wa Burundi liliwekwa Agosti mwaka huohuo. Mpango mpana unaipeleka njia hiyo Gitega, Bujumbura, kisha kuivusha mpaka Uvira na kuelekea Kindu. Hatua ya Kongo bado ni mistari kwenye ramani, lakini mistari ndiyo hupandisha bei. Reli ikivuka Gatumba na kuingia Kavimvira, mji mwembamba wa Uvira, uliobanwa kati ya mlima na ziwa, hauna pa kupanuka ila kaskazini, kuelekea Kiliba, Sange na Luberizi. Mabohari, bandari kavu, maegesho ya malori, hoteli na masoko ya kisasa havitapanda mlimani. Vitashuka uwandani.

Uwandani kuna tabaka zilezile za Muthurwa, zikiwa zimevaa kanzu ya kijijini. Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Taifa, na mwananchi hupata haki ya kuutumia inayothibitishwa na cheti cha usajili. Sheria hiyohiyo iliahidi kwamba agizo la Rais litafafanua haki za jamii za kienyeji kwenye ardhi wanayoishi na kuilima. Miongo ikapita bila agizo. Kwa hiyo mkulima aliyepewa shamba na mwami, aliyeleta mbuzi na pombe mbele ya mashahidi, anajulikana na kijiji kizima na hajulikani na kadasta. Chini yake kuna anayekodi shamba la mpunga kwa msimu. Chini ya huyo kuna akina mama wanaonunua mpunga shambani na kuusubirisha kando ya barabara hadi lori lipite.

Ikija amri ya kuchukua ardhi kwa manufaa ya umma, sheria ya tarehe 22 Februari 1977 ndiyo itakayotumika, na Katiba ya 2006, ibara ya 34, inadai fidia ya haki inayolipwa kabla. Maneno yapo yote. Lakini mnyang'anyo mwingi wa kando ya reli hauhitaji amri hiyo. Hutokea kwa ununuzi wa kawaida, miaka kadhaa kabla, pale mtu mwenye habari kutoka ofisini anapomwendea mtu asiye na habari akiwa na dola mia chache na haraka nyingi. Serikali ikija kulipa, inamlipa mnunuzi.

Vita vimeongeza tabaka lisilokuwapo Nairobi wala Dar es Salaam: watu wasiokuwapo. Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, na makumi ya maelfu ya watu wa Kivu Kusini wakavuka mto Ruzizi kwenda Burundi. Walilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, baadaye wengi wakapelekwa kambi ya Musenyi, katika uliokuwa mkoa wa Rutana. Desemba mwaka huo mapigano yalishuka uwandani hadi Uvira, na kundi jingine likavuka. Mwandikishaji atakayepita na daftari huko kwao atakuta nyumba imefungwa, au imekaliwa na mwingine. Ataandika alichokikuta.

Kinachofaa kudaiwa kinajulikana, na hakihitaji mtaalamu kutoka mbali. Kabla ya mkopo wa reli kutiwa saini kwa sehemu ya Kongo, hesabu ya wakazi, wapangaji, wanaokodi mashamba na wachuuzi ifanywe sharti la fedha, kama ilivyokuwa kando ya reli ya Kibera. Siku ya mwisho ya kuandikishwa itangazwe sokoni, makanisani na redioni kwa Kifuliiru, Kirundi, Kivira na Kiswahili, na itangazwe Musenyi pia, maana shamba la aliyekimbia halijakimbia. Kila aliyeandikwa abaki na nakala yenye muhuri mkononi mwake. Na kila jengo la biashara litakaloota kando ya stesheni litenge fungu la nafasi kwa wale waliokuwa wakiuza hapo chini, kwa kodi wanayoiweza, si kwa dola za mnada. Vyama vya wakulima na wanawake wa uwanda vinaweza kuanza hata bila serikali: daftari, mashahidi, picha za mipaka, mwami na majirani wakiweka saini. Nairobi imeonyesha kwamba daftari la mtaa, likiwahi, linaweza kufunga pesa za mradi.

Kuwahi kwenyewe kuna tarehe. Kwa kanuni ya kawaida ya sheria ya 1973, cheti cha usajili kikishatolewa, mwenye madai ana miaka miwili ya kukipinga. Baada ya hapo hakipingiki, hata kama kilitolewa juu ya shamba la mtu, na kinachobaki kwake ni kudai fidia kwa aliyemdhulumu. Mkulima aliyevuka Ruzizi Februari 2025, kama kuna cheti kilichoandikwa nyuma yake mwezi uleule, dirisha lake linafungwa Februari 2027. Reli wakati huo bado itakuwa upande wa Burundi.